Kwinini Niliyokunywa Inanitia Hofu ya Kumnyonyesha Mwanangu

(Mwenye barua hii ameomba tumfichie jina. Msomeeni kwa huruma.)

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na miwili, nakaa na mume wangu kwenye kambi ya shamba la mkonge, upande wa Pongwe. Tuna mtoto mmoja wa kike, bado ananyonya.

Nilipojifungua, mama mkwe alikuja kutoka Moa kunisaidia kulea. Akalala chumbani nami, mume wangu akahamia chumba cha mbele. Kwetu mama anayenyonyesha hamkaribii mumewe, mtoto asije akabemendwa, maziwa yakaharibika naye akadhoofika. Mtoto akikonda tu, kambi nzima inajua mlichofanya. Mwezi uliopita mama mkwe akaenda msibani kwao. Basi, sisi ni vijana, tena tunapendana. Sisemi zaidi.

Asubuhi yake hofu ilinishika hata moto nikashindwa kuwasha. Kama nimeshika mimba je? Nikamwendea jirani yangu, Mama Zaina. Akacheka.

"Shoga, hilo ndilo la kukuliza? Mimba haijakaa bado. Saga vidonge vya kwinini unywe, itatoka yenyewe."

Nikanywa. Nilitapika mpaka nikaishiwa nguvu, masikio yakavuma kama mtambo wa mkonge. Mtoto alikuwa analia pembeni yangu, mdomo wake nauona, sauti siisikii. Nilijua nakufa.

Nilipopata nafuu nikaenda zahanati. Mkunga alinigombeza hasa.

"Mwanangu, nani kakudanganya? Kwinini ni ya homa. Itakuua, na mimba haitaizuia. Dawa ya kunywa baada ya tendo sinayo, wala siijui. Na kulala na mumeo hakuharibu maziwa. Nenda kanyonyeshe."

Lakini yeye kwao ni milimani, mambo ya kubemenda atayajulia wapi? Na ile kwinini niliyokunywa je, haijaingia kwenye maziwa? Nikawa nakamua maziwa namwaga, mtoto nampa uji mwepesi. Damu sijaiona tangu nijifungue, kwa hiyo hata kama nina mimba sina pa kujulia.

Jana mama mkwe amerudi. Akampakata mjukuu wake, akaniuliza, "Mwanangu, mbona mtoto kawa mwepesi hivi?" Nikasema ni meno.

Si meno. Ni njaa, na anayemtia njaa ni mimi. Nikisema kweli, itabidi niseme yote. Hivi sasa analia, maziwa yamelowesha kanga yangu, na bado naogopa kumpakata.

Nishaurini jamani, nimpe?