Feni ya Ba Kapembwa

Kazi ya Mwango pale mgodini Kitwe ilikuwa kuifundisha kompyuta kupambanua matukio: lipi limetangulia, lipi limefuata, na lipi limeleta jingine. Ni kazi ya wenye akili, na akili Mwango alikuwa nazo. Alichokosa ni uaminifu kidogo tu.

Siku moja umeme ulikatika, feni ya kupeleka hewa chini ikazimika, na mchimbaji Chishimba akafa. Kompyuta ikaulizwa. Ikajibu kwamba mlinzi wa feni, mzee Ba Kapembwa, alitoka chumbani saa nne na dakika tano, na feni ikazimika saa nne na dakika kumi na moja. Ikaonekana aliiacha feni bila mtu wa kuita msaada, mzee akafukuzwa kazi.

Baada ya wiki tatu Mwango akazipitia zile saa upya. Saa ya mlango ina betri, iliandika papo hapo. Ya feni haina, iliandika kuzimika kwake umeme uliporudi tu, saa nne na dakika kumi na moja. Kumbe feni ndiyo iliyotangulia kuzimika, na mzee alitoka mbio kutafuta msaada. Kasoro hiyo Mwango aliijua tangu zamani. Aliiweka kiporo kwa kuwa wakubwa walikuwa wakija kuitazama mashine yake.

Akamwendea mzee, akapiga goti na kupiga makofi taratibu, kama wanavyosalimiwa wazee kwao. Ba Kapembwa alikuwa akimenya karanga.

“Ndiwe uliyeifundisha ile mashine?”

“Ndimi, tata,” alijibu, akimwita baba kwa lugha ya kwao.

“Fundi wewe. Mimi nilibisha mpaka sauti ikakauka kwamba feni ilizima kwanza. Lakini siku hizi nikifumba macho najiona natoka, na feni bado inazunguka. Uzee huu!” Akacheka kidogo. “Jumapili nilimpelekea mjane wa Chishimba kuku na unga. Nikamwambia, mumeo nimemuua mimi.”

Mwango akalia, kisha akamweleza yote, hata lile la kiporo. Mzee aliacha kumenya.

“Kwa hiyo sikumuua.”

“Hukumuua, tata. Kesho nakwenda kwa wakubwa kuwaambia, hata wakinifukuza.”

Ba Kapembwa alifuta mikono kwenye suruali, polepole, kidole kwa kidole.

“Wakubwa watangoja. Anza kwa mjane,” alisema. “Mimi alishanisamehe. Wewe hata hakujui.”