Vidole Vitatu vya Baba

Mpaka leo harufu ya samaki changu wachanga hunitia kichefuchefu, na mwenye kosa ni mimi.

Zama za Mwingereza, sisi wa Mbegani tulipima jicho la wavu, yaani upana wa tundu lake, kwa vidole. Baba alikuwa amepooza upande mmoja, na alitamani kitu kimoja tu kabla hajafa: changu mnene, aliyenaswa na wavu wa nyumbani kwake. Wavu wake ulikwisha kuoza. Nikamuuliza jicho liwe kiasi gani.

"Vidole vitatu," akasema kwa taabu.

Nikafuma wavu mpya kwa vidole vitatu. Vyangu, vyembamba kama vya mwali.

Mama akautazama. "Mwanangu, macho haya mbona madogo?"

"Mambo ya wavu si ya jikoni, mama." Sikio la kufa halisikii dawa.

Nilitega maji yakijaa, nikautoa yalipokupwa. Changu wakubwa hawakuwamo, maana hata pua zao hazikuingia. Chuchunge, samaki warefu lakini wembamba, niliwaona wakipenya mmoja mmoja na kwenda zao. Waliobaki ni watoto wa changu, wafupi kuliko kiganja. Changu ni mpana tangu utotoni, kwa hiyo wavu uliwakaba tumboni. Wengine walikuwa wamepasuka. Utumbo ulinitiririkia mikononi, nzi wakanijaa usoni, nami nikatapika palepale kwenye matope. Hao waliopasuka niliwafukia mchangani wasionekane, kaa wakawafukua, na uvundo ukatusuta mtaa mzima siku nne.

Waliofaa kidogo mama aliwapika. Miiba mitupu! Koo la baba halikuweza, akalishwa wali kwa mchuzi. Nilijichukia kuliko nilivyowachukia wale nzi.

"Lete mkono," baba akaniambia. Akalaza vidole vyake vitatu juu ya vyangu, vikafunika vinne na kubaki. "Nilimaanisha vyangu."

Kesho yake niliukata ule wavu, nikaanza mwingine kando ya kitanda chake, kila jicho nikilipima mkononi mwake. Hakulalamika hata siku moja. Nilikuwa nimefika nusu alipofariki. Kabla hajaoshwa nilikata kijiti sawa na upana wa vidole vile, na kwacho nikamalizia.

Changu wa kwanza wa wavu ule alikuwa mnene hasa. Nilimpeleka kwa mama, akampika, na hakuna aliyemgusa.