Rangi Mbili Alizomeza Mama Mdogo

Harufu ya unga wa kidonge cha rangi mbili, ndugu yangu, huijui mpaka kikupasukie mdomoni. Fisi mwenye njaa ya wiki angeutema. Mimi nikiinusa hata leo, narudi kijijini kwetu Ikolo, Kyela, miaka ya ruksa, maduka yalipojaa kila kitu ghafla: sabuni za kunukia kutoka Malawi, kandambili, na dawa zimepangwa kando ya majani ya chai.

Tuliishi na bibi na binti yake, mama mdogo Tusekile. Akicheka yeye, walio ng'ambo ya Mto Songwe waliitika wakidhani wanaitwa.

Mwaka mmoja alichomwa sindano ya jipu pale zahanati, akavimba midomo na pumzi ikambana. Nesi akamwokoa, kisha akamwonya bibi: "Huyu asipewe tena penisilini. Damu yake haiitaki."

Penisilini lilikuwa neno gumu. Lilidondoka njiani hata hatujafika nyumbani. Tukabaki na sindano. Ukoo mzima ulijua: Tusekile na sindano, mwiko.

Masika yaliyofuata alichomwa na kisiki shambani kwenye mpunga, mguu ukatunga usaha. Bibi akaleta vidonge vya rangi mbili kutoka dukani.

"Mama, hii haitanidhuru?"

"Unaona ncha ya sindano hapo? Meza, mwoga we!"

Akameza, akacheka. Maharage yalikuwa bado jikoni alipoanza kujikuna viganja. Vipele vikapanda mikono, vikafika shingoni.

"Mama, nawaka mwili!"

"Dawa inautoa ugonjwa nje hiyo. Ongeza kimoja kiumalizie."

Akaongeza. Midomo ikatuna, macho yakazibika, na ile sauti ya kuvuka mto ikawa mluzi mwembamba kooni. Hapo ndipo baba alipompakia kwenye baiskeli, sisi nyuma tukikimbia kwenye tope.

Nesi alikuwa yuleyule. Alimtazama mara moja tu, akaingia ndani, akarudi mbio na sindano. Bibi akamdaka mkono. Mikono ile ilikuwa imetwanga mpunga wa Kyela nzima, haikuachia.

"Si mlisema wenyewe asichomwe! Mnataka kuniulia mwanangu?"

"Bibi, hii siyo ile! Niachie, anakata roho!"

Walivutana. Baba alipofaulu kuvibandua vidole vya bibi, mama mdogo alikuwa kimya. Nesi alichoma hivyo hivyo, akamkandamiza kifua, akamwita kwa jina. Hakuitika.

Msibani kila aliyeingia aliondoka na habari moja: sindano imemmaliza. Nesi akazomewa sokoni mpaka akahama. Nami nilizomea kwa sauti kubwa kuliko wote, mtoto anajua nini?

Nilijua ukubwani, kwenye masomo ya jioni, mwalimu alipotueleza kwamba zile rangi mbili nyingi ni ukoo mmoja na penisilini, umeze au uchomwe. Na kwamba midomo ikivimba na pumzi ikibana, ipo sindano ya kuifungua pumzi, mradi iwahi. Darasa zima liliandika. Mimi nilifunga daftari, nikarudi nyumbani.

Bibi alikuwa hai bado, haoni tena. Jioni hiyo aliniuliza, "Wewe unayesoma na taa, niambie. Ni ile sindano?"

"Siyo, bibi. Ni vile vidonge."

Akaiingiza mikono yake yote miwili chini ya kanga, akaificha humo.