Boroni ya Goti la Baba

Goti lililomsumbua baba lilikuwa la kushoto, goti la klachi. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake aliendesha lori la miwa kutoka mashamba ya Awendo hadi kiwandani, na zile barabara za matope zilimlazimu kukanyaga klachi kutwa nzima. Alipostaafu akatulia nyumbani kwetu Migori, lori lilibaki kazini lakini goti likaja naye. Asubuhi lilikuwa likikwaruza kama giaboksi iliyokauka oili, na alipenda tulisikie. Hata mgeni wa kanisani aliombwa aweke kiganja juu yake, kisha baba alilikunja polepole na kumtazama usoni aone kama ameamini.

Siku moja redio ya nyumbani ilikuwa na kipindi cha afya. Mgeni wa kipindi alieleza kwamba mwili unahitaji madini mengine kidogo sana, kiasi cha chembe tu, na akataja boroni. Akasema wapo watu wenye maumivu ya viungo waliopata nafuu nayo. Baba hakungoja yaliyofuata. Alinipigia simu dukani, ninakouza vitambaa, kabla jina halijamtoka kichwani, na nilikuwa bado nampimia mteja kitenge nilipomwona akishuka kwenye bodaboda mlangoni.

Tulianzia kwenye duka la dawa. Mfamasia alikuwa na vidonge vya kalsiamu na vya zinki, lakini boroni peke yake hakuwa nayo. Baba alishukuru, akatoka, akasimama kando ya barabara akifikiri. Kisha uso wake ukang'aa. Alikumbuka kwamba pale agroveti, duka la pembejeo karibu na soko, mahali mama hununua chakula cha vifaranga, kuna picha kubwa ya avokado ukutani, na chini yake limeandikwa neno boroni.

Nilijaribu kumwambia kwamba hiyo ni ya shamba. Alinijibu kwamba madini ni madini, yawe shambani au mwilini, kisha akatangulia mbele.

Aliyekuwa akiuza alikuwa dada mmoja kutoka upande wa Wakuria, mpole, wa maneno machache. Aliishusha chupa ya boroni kutoka rafuni na kuuliza shamba ni ekari ngapi. Baba alimwambia shamba ni moja tu, na liko mguu wa kushoto. Yule dada alinitazama mimi, akamtazama yeye, halafu akairudisha chupa rafuni bila haraka. Alieleza kwamba hiyo hunyunyiziwa majani miti inapokaribia kutoa maua, tena kwa kipimo kidogo.

"Lakini avokado inainywa," baba alisema, "na mimi nakula avokado. Si mimi napita tu njia ya mkato?"

"Avokado haina figo, mzee," yule dada alimjibu.

Baba alianza kucheka, akacheka hadi akashika kaunta. Nasi tukacheka naye. Kabla hatujatoka, yule dada alimshauri aende akapimwe hilo goti kwanza, na baba, ambaye mama na mimi tulikuwa tumembembeleza mwaka mzima aende hospitali, alikubali palepale kama mtu aliyesikia wazo jipya.

Daktari wa kituo cha afya alilikunja goti, akalikunjua, akalibonyeza pembeni. Alisema mifupa inasagana kwa sababu ya uzee na ile kazi ya miaka mingi, na kwamba halitarudi kuwa la kijana ila linaweza kupunguza kelele. Baba alimuuliza kuhusu boroni. Nilidhani angemcheka, lakini alilichukua swali kwa uzito. Alisema ni kweli watafiti wanadhani boroni husaidia mwili kushika kalsiamu na pengine hutuliza uvimbe wa viungo, lakini ushahidi bado ni mchache, na yeye hawezi kumwahidi kitu. Ile ya agroveti ni hatari kwa mtu. Ya kula ipo tayari kwenye njugu, maharagwe, avokado na matunda yaliyokaushwa. Zaidi ya hayo alimwambia apunguze uzito, apunguze sukari kwenye chai, na atembee kila siku.

Katika hayo yote baba alitoka na neno moja: njugu. Maharagwe aliyachukia tangu siku za safari za lori, na kutembea aliona ni kwa watu wasio na nauli. Lakini njugu alizipenda, na dada yake mkubwa, waya wetu, yaani shangazi, alikuwa na shamba zima la njugu huko Ndhiwa, Kaunti ya Homa Bay. Ulikuwa ndio msimu wa kung'oa. Baba alifunga mfuko wake mdogo akatuaga kwamba anakwenda kutibiwa. Mama alimsindikiza hadi langoni kwa furaha ambayo hakujisumbua kuificha. Wiki hiyo alitazama televisheni anavyotaka.

Waya alikuwa mjane aliyemzidi baba miaka kadhaa, mwembamba, mwenye magoti mazima. Kwake hapakuwa na mgonjwa wa kukaa kivulini akiletewa sahani. Alimwambia baba kwamba njugu anazotaka ziko ardhini, na akampa kigoda cha kukalia na beseni la kutilia. Kazi yake ilikuwa kuchambua njugu kutoka kwenye mashina yaliyong'olewa. Asubuhi walikwenda shambani kwa miguu, jioni wakarudi kwa miguu, na njia ya shamba lile ina mwinuko. Baba alinipigia simu siku za kwanza akilalamika kwamba dada yake anamtesa kama utingo. Baadaye simu zikapungua. Aliyetarajiwa kurudi baada ya wiki moja akasema wacha amalize shamba la juu.

Nilipokwenda kuwaona, niliwasikia kabla sijawaona. Walikuwa wakibishana kuhusu ng'ombe fulani wa babu yetu, kama alikuwa mweupe au wa madoa, na baba alikuwa amesimama katikati ya shamba, mkono kiunoni, akionyesha kwa shina la njugu mahali ng'ombe huyo alipofungwa. Alikuwa amepungua tumbo. Uso wake ulikuwa na rangi. Mchana tulikula nyoyo, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, yale maharagwe aliyoyakataa kwangu miaka yote, na mboga zilizoungwa kwa njugu za kusaga. Aliongeza mara mbili. Nilimuuliza goti linaendeleaje, na ikabidi afikirie.

"Leo sijalisikiliza," alisema.

Waya alidakia kwamba ndugu yake hakuwa mgonjwa wa goti, alikuwa mgonjwa wa kiti. Baba alisema ni boroni. Walianza ubishi mwingine hapo, na mimi nikaosha vyombo.

Mpaka leo sijui ni nini kilichomsaidia. Huenda ni njugu. Huenda ni ule mwinuko wa kwenda shambani, au ile chai ya waya isiyo na sukari, au kupata mtu wa umri wake wa kugombana naye kuhusu ng'ombe aliyekufa zamani. Daktari alipomwona tena alifurahi na kumwambia aendelee hivyohivyo, bila kutaja sababu. Goti halikupona. Mvua ikinyesha bado hulipapasa. Ila siku hizi haalikwi mtu kuligusa.

Jumapili iliyopita, ibada ilipokwisha, nilimwita bodaboda wa kumpeleka nyumbani kama kawaida. Baba alimpa mkono kijana wa watu na kumwambia leo hapana. Akamshika mama kiwiko wakashika njia. Nilitembea nyuma yao na watoto wangu. Kwa miaka mama alizoea kufika nyumbani peke yake na kumkuta baba ameshavua viatu, na sasa hakujua aende mwendo gani. Walipofika kwenye vibanda vya nyanya alimvuta shati.

"Punguza mwendo, dereva," alimwambia. "Mimi nimevaa viatu vya kanisa."

Baba alipunguza. Walisimama pale wakachagua nyanya pamoja, bila haraka yoyote.