Mbwa Aliyesikiliza Michezo Yangu ya Redio

Siku yangu ya kwanza katika kituo cha redio mjini Homa Bay, Mkuu wa Vipindi alinipokea mlangoni, akapokea mswada niliokuja nao, kisha akanirudishia bila kuufungua.

"Nisomee," alisema.

Nikasoma. Ulikuwa mchezo wa ndugu wawili wanaogombania shamba, nami nilikuwa nimeupamba kwa Kiswahili cha vitabuni. Nilipofika ukurasa wa pili alikuwa amefumba macho.

"Dada, umeandika barua. Barua nzuri, lakini barua. Msikilizaji wetu anasonga ugali. Anapanga samaki sokoni. Kwao wanaongea Dholuo au Kikuria, Kiswahili ni lugha ya pili. Hawezi kurudi nyuma asome sentensi tena. Kama huwezi kuitamka kwa pumzi moja, usimpe mwigizaji."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi ya kuandika michezo ya redio, kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu. Ninyi mnaoianza leo mna simu zinazorekodi na kompyuta zinazokata sauti kama mkate. Hata hivyo, msingi haujabadilika: mchezo wa redio huandikwa kwa mdomo kabla ya kuandikwa kwa mkono. Ukiwa na wahusika wanne, kaa chini utamke sauti nne, ugombane, ubembeleze, ukohoe, ndipo uandike.

Nilikuwa nimepanga chumba chini ya mlima wa Asego, na kuta zake zilikuwa nyembamba. Alasiri moja mwenye nyumba, Mama Akinyi, alinibishia hodi.

"Nyar Kosele," aliniita, yaani binti wa Kosele, maana huko ndiko kwetu. "Huyo mwanamume unayemfukuza kila siku, mbona hatumwoni akitoka?"

"Ni mchezo, mama. Ninaandika."

"Majirani hawajui ni mchezo. Wanasema redio imekuingia kichwani. Tafuta hata mbwa. Mtu akiongea peke yake anaombewa. Akiongea na mbwa, basi, ana mbwa."

Wiki hiyo hiyo alinitolea mtoto wa mbwa kwa dada yake, kule Rangwe. Alikuwa wa rangi ya udongo, sikio moja limesimama na jingine limelala. Nilimwita Tomi, kama walivyoitwa nusu ya mbwa wa Homa Bay, na majirani wakaacha kuniombea.

Watu huuliza mbwa anamsaidiaje mwandishi. Sitawadanganya kwamba anaelewa sarufi. Lakini mbwa husikia pumzi. Nilipokuwa nikitamka mazungumzo yenye uhai, sauti ikipanda na kushuka, Tomi alinitazama usoni. Nilipoanza kuhubiri kupitia kinywa cha mhusika, sauti yangu ilikuwa ya namna moja kama mashine ya kusaga, naye aliinuka akaenda kulala mlangoni. Nilizoea kuweka alama ya kalamu pale alipoinuka. Kesho yake, nikiisoma upya sehemu ile, karibu kila mara nilikuta kuna hotuba.

Jambo la pili ni matembezi. Mbwa hakubali uketi kutwa. Kila jioni alinitoa nje, tukashuka mpaka ziwani, na watu ambao wasingenisalimu walikuwa na neno la kumwambia Tomi. Mwuza omena mmoja, wale dagaa wa ziwani, aliniuliza, "Wewe ni mtu wa redio na mbwa inakonda hivi? Hiyo redio inakula nini?" Mstari huo niliutia kwenye mchezo karibu ulivyo. Mwandishi anayeishi peke yake huishiwa na maneno ya watu, na mbwa humpeleka yalipo.

Baadaye nilihamishiwa Migori, katika studio ndogo ya kituo chetu. Mkuu wangu huko alikuwa Mhariri wa Michezo, mtu mrefu aliyependa milio. Milio ni sauti zote zisizo maneno: mlango, mvua, kwato za ng'ombe. Alinipa kazi ambayo mpaka leo naiona kuwa kubwa kuliko zote. Ulikuwa mchezo wa mfululizo kuhusu miji miwili jirani, yaani maboma ya wafugaji, mmoja wa Waluo na mmoja wa Wakuria, inayoibiwa ng'ombe, kila mmoja ukimshuku mwenzake. Kisha ingejulikana kwamba mwizi si jirani, ni dalali wa mifugo aliyekunywa chai katika miji yote miwili. Tulitaka watu wasikilize, wacheke, kisha watazamane vizuri.

"Usiku wa wizi nataka mbwa wabweke," Mhariri alisema. "Msikilizaji aruke kwenye kiti."

Ouma, fundi wa sauti, alikuja kwangu na kinasa sauti, akamrekodi Tomi akimbwekea mwendesha bodaboda. Akauweka ubwekaji ule juu ya ubwekaji mwingine mpaka ukawa wa kundi zima. Tulipousikiliza studioni tulipeana mikono.

Sehemu hiyo iliporushwa, simu zikaanza kutoka Kehancha, upande wa Wakuria. Wasikilizaji walilalamika kwamba hawasikii. Ouma alipima mitambo, hakuna kilichoharibika. Kisha zikaja habari mbaya zaidi: huko sokoni watu walisema redio imewataja Waluo kuwa wezi. Wengine walisema imewataja Wakuria. Meneja wa kituo alimwita Mhariri, naye akaniita mimi.

"Meneja anasema sehemu ijayo ikileta maneno kama haya, mchezo unatolewa na muziki unawekwa mahali pake," alisema. "Ni wako. Nenda Kehancha ujue kuna nini."

Nilikwenda na Tomi. Nilipokewa na Mzee Marwa, mfugaji na msikilizaji wetu wa tangu mwanzo, ambaye alikuwa amepiga simu mwenyewe. Alasiri hiyo sehemu ile ya wizi ilikuwa ikirudiwa. Redio ilikuwa juu ya kigoda, watoto na majirani wamekaa, mbwa wa mji ule wamelala huku na huku. Tukasikiliza vizuri mpaka usiku wa wizi ulipofika. Mbwa wetu wa redioni wakabweka, na mbwa wa Mzee Marwa wakainuka wote. Walikimbilia kigoda, wakabwekea redio, mbwa wa jirani wakaitikia, ndama wakatawanyika. Katikati ya zogo hilo mhusika wangu alimwona dalali na kumtaja jina. Hakuna aliyesikia. Hata mimi niliyeandika sikusikia.

Mbwa waliponyamaza, Mzee Marwa alinigeukia. "Mama, umesikia nani ameiba?"

"Hapana, mzee."

"Hata sisi. Kwa hivyo kila mtu anamweka mwizi wake."

Mkewe, Mama Robi, akadakia, "Yeye amemweka shemeji yangu."

"Shemeji yako anafanana na mwizi," mzee akasema, na watu wakacheka, lakini jirani mmoja, Mluo, hakucheka. Nilimwona. Nikajua mchezo wangu unafanya kinyume cha kazi yake.

Tomi peke yake, aliyelala kivulini, hakuwa ameinuka. Alikuwa amezoea redio. Alikuja akaegemea mguu wangu, nami bila kufikiri nikamwambia, "Mbona umeacha kivuli? Unaogopa nini? Ni sauti yako mwenyewe hiyo." Watoto wakageuka kumtazama. Hakuwa ametoa sauti yoyote, na bado kila mtu pale alijua kuna mbwa, yuko wapi, na ana wasiwasi. Walijua kwa maneno yangu.

Nilimwomba Mama Robi stuli nyingine, nikaandika pale pale uani sehemu ijayo. Niliupa mji wa Wakuria bibi mzee anayekaa na mbwa wake langoni, na anayemwambia mbwa yote aliyoyaona usiku ule. Mbwa wake habweki hata mara moja. Bibi anamwambia: "Sogea. Mbona unatazama kwa jirani? Usimtazame jirani, tazama njia waliyopita ng'ombe. Unamkumbuka yule dalali uliyemlamba mkono? Alinuka vipi? Alinuka ng'ombe wetu."

Mhariri wa Michezo alisoma, akakunja uso. "Mbwa asiyebweka, msikilizaji atajuaje yupo?"

"Atajua kwa sababu bibi anamwambia asogee."

"Na asipoamini?"

"Basi weka muziki, mkuu."

Alichukua kalamu, akatia sahihi.

Siku ya kurekodi, mwigizaji wa bibi alishindwa. Alikuwa akiongea na kiti kitupu, na maneno yakatoka makavu. Nikamleta Tomi studioni. Ouma alilalamika: "Dada, huyu akipiga chafya tumekwisha." Tomi aliketi mbele ya mwigizaji, akamtazama usoni kama alivyokuwa akinitazama mimi kwa miaka, na yule mama akasema ukurasa mzima bila kukosea. Mkia ulipiga mguu wa meza mara kadhaa. Ouma aliuacha mlio huo ndani.

Nilirudi kwa Mzee Marwa kusikiliza. Yule jirani ambaye hakucheka alikuwepo, amesimama kando karibu na ua. Bibi alipoanza kusema na mbwa wake, mbwa wa pale waliinua masikio, wakalala tena. Uani palikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia ule mkia ukipiga meza. Dalali akatajwa, jina zima, na kila mtu alilisikia.

"Kumbe dalali," Mzee Marwa alisema.

"Nilikuambia," Mama Robi akajibu.

"Hukuniambia."

"Nilimwambia shemeji."

Mzee akasogea kwenye benchi, akamwita yule jirani aje aketi. Jirani akaja. Hawakusema juu ya redio. Walianza kuulizana bei ya dawa ya kupe. Nilishuka barabarani siku hiyo nikitembea kama mtu aliyejenga daraja, na sioni haya kusema hivyo. Mchezo uliendelea, ukaongezewa sehemu, na ndio uliokuwa hewani nilipokabidhi meza yangu.

Tomi alizeeka nami huko Migori. Alikufa asubuhi moja chini ya meza yangu, mswada ukiwa mezani, na sikuweza kuandika kwa majuma. Nilimzika nyuma ya nyumba. Ouma ndiye aliyechimba kaburi.

Sasa niko Kosele, nina mahindi, kuku, na vijana wanaonitembelea na miswada yao. Wengi huuliza wanunue kipaza sauti gani. Ninawaambia kwanza tafuta kiumbe asiye na sababu ya kukusifu, umsomee kila siku, umtazame. Kazi hii ina upweke ambao hakuna mkuu wa idara atakayekuondolea. Usiuogope. Uweke mbele ya mwenzako mwenye masikio, nao utageuka kuwa kazi. Mnaweza. Mimi niliweza, na nilianza kwa barua.

Bado ninaandika. Mbwa niliye naye ni jike, mgumu kuridhika kuliko Tomi. Nikianza kusoma huinuka akaenda zake kwenye kivuli cha banda la kuku. Huwa ninachukua kiti changu na kumfuata, na ile sentensi iliyomwinua huwa nimeifuta kabla sijaketi.