Mpini wa Ruguru na Bega la Mbuzi

Ukiingia saluni ya Ruguru pale Runyenjes, usishangae kukuta vumbi la mbao limechanganyika na nywele sakafuni. Ruguru husuka kwa ajili ya tumbo na huchonga kwa ajili ya roho. Mteja akishatiwa ndani ya draya, kichwa kinachemka na masikio hayasikii, yeye huvuta stuli hadi mlangoni, hutoa kipande cha mti wa kahawa mfukoni mwa aproni, na kuendelea alipoachia jana. Anachonga mipini ya visu. Hauzi. Ukimuuliza bei ananuna, na mteja mmoja aliyemsumbua sana aliondoka na nywele zimesukwa nusu.

Na mipini yenyewe, jamani! Mafundi wengine huchora maua ya kubahatisha, au simba anayefanana na mbwa wa jirani. Ruguru huchora matuta, yale yale anayosuka vichwani: mistari myembamba inayoanzia shingoni mwa kisu, ikauzunguka mpini wote bila mmoja kumpanda mwenzake. Mama yake, Gladwell, alimwonya kwamba mwanamke anayeshinda na visu atawatisha wachumba. Ruguru akamjibu kwamba mchumba wa kutishwa na kisu angekimbia hata mwiko, na heri akimbie mapema.

Basi mdogo wake, Gedion, akapata mchumba kule chini Mbeere, mbele ya Kiritiri, ambako jua halina adabu. Msichana aliitwa Purity, binti wa Mzee Rwamba. Ikapangwa safari ya kwanza ya kupeleka mbuzi. Katika ukoo wao, wanaokwenda kuoa hubeba kisu chao wenyewe cha kukatia nyama mbele ya wakwe. Kuomba kisu kwa wakwe ni sawa na kwenda kuposa bila suruali.

Ruguru akasema kisu ni juu yake. Ilikuwa Julai, ukungu umelala juu ya mashamba ya kahawa mpaka saa za chai. Alikata tawi nene kwenye shamba la mama yake, utomvu bado unatoka, akalichonga haraka haraka kwa furaha. Akanunua kisu kisicho na mpini, cha chuma cha lori, kwa fundi wa sokoni, akaupasha moto msuka wake, ule mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini, akauzamisha mle hadi ukatulia. Mwisho akapaka nta ya nyuki. Kila aliyekiona alitamani kukishika. Haraka haraka haina baraka, lakini nani humwambia hivyo mtu mwenye furaha?

Msemaji wao kule kwa wakwe alikuwa Anko Munyi, mdogo wa marehemu baba yao, mtu wa koti na maneno mazito. Alisimama mbele ya wazee, akakiinua kisu kila mtu akione, akakichoma kwenye bega la mbuzi, akavuta. Mpini ukaja. Kisu kikabaki kwenye nyama. Safari ya asubuhi nzima juani ilikuwa imeupasua ule mti kutoka shingoni hadi kisogoni.

Waswahili husema aliyeshika mpini ana neno kuliko aliyeshika makali. Hawakusema lolote juu ya aliyeshika mpini peke yake. Anko Munyi alisimama pale na mti wake mkononi.

"Kumbe watu wa kahawa munaoa na kijiti?" akauliza Mzee Rwamba.

Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka barabarani. Kikaletwa kisu cha Mzee Rwamba mwenyewe, na Anko Munyi akakata nyama kwa kisu cha kuombwa, kichwa chini. Ruguru, aliyekuwa na wanawake kwenye masufuria, alitamani ardhi ipasuke immeze. Hakulia mbele za watu. Alilia nyumbani, kwa sauti, mpaka mama yake akaacha kupika.

Tangu siku hiyo ukoo mzima ukamwita Kijiti, na jina likafika hadi kwa wakwe. Na siku kubwa ilikuwa bado inakuja: Desemba, Gedion mwenyewe angekata bega la mbuzi mbele ya watu wote na kumlisha Purity, na hapo ndoa ingehesabika kuwa ndoa.

"Siku hiyo wewe utabeba soda," Anko Munyi alimwambia Ruguru. "Kisu nitanunua mimi, chenye mpini wa plastiki."

Gedion alimfuata saluni, akazunguka zunguka, akashika chanuo, akalirudisha.

"Sista, mimi nataka chako," akasema hatimaye. "Lakini kikiachana tena, ni mimi bwana arusi. Nitachekwa mpaka nizeeke."

Ruguru mwenyewe hakujua kosa lilikuwa wapi. Alipobaki peke yake alifungua droo ya taulo alimokuwa ametupa ule mpini kwa hasira. Akautafuta ufa kwa macho, akautafuta kwa ukucha. Haukuwepo! Mti ulikuwa umefumba mdomo kama mwizi mbele ya chifu. Nje manyunyu yalikuwa yakianguka, baridi ya Runyenjes inang'ata vidole.

Akaugeuza geuza. Kisha akautia ndani ya draya, akaiwasha kwa moto wa juu kabisa, akasimama mikono kiunoni. Haukupita muda mrefu kabla ya kusikia tak! Ufa ukafunguka pale pale kwenye tuta la katikati, kutoka shingoni hadi kisogoni.

"Ala! Kumbe ni wewe!" Ruguru akauambia mti, akacheka peke yake. Mti ulikuwa umekatwa mbichi, umeshiba ukungu wa huku juu, halafu ukapelekwa kwa jua la Mbeere ukapasuka; uliporudi kwenye manyunyu ukavimba na kufumba. Hata binadamu wa huku akishuka kule midomo humpasuka, sembuse kijiti.

Akaanza upya. Alikata vipande kutoka kwenye kisiki cha kahawa kilichong'olewa zamani, akavipanga kwenye uchaga wa juu ya meko ya mama yake, pale panapokaushiwa kuni. Vikakaa humo miezi, vikila moshi wa githeri, yale mahindi na maharagwe ya kila jioni. Mama yake alilalamika kwamba jikoni mwake mmekuwa karakana, lakini moto wenyewe hakuuacha uzimike. Kila kipande kilichokauka Ruguru alikipeleka saluni na kukiingiza kwenye draya. Wateja walikaa kwenye foleni nyuma ya kipande cha mti.

"Sasa mimi na rola zangu nangojea kuni ikauke?" Winrose, mwalimu wa shule ya msingi, aliuliza siku moja kwa uchungu.

"Hiyo kuni ina harusi," Ruguru alimjibu. "Wewe una kikao cha wazazi tu."

Vipande vilipasuka kimoja baada ya kingine, naye akavitupa motoni bila huruma. Kimoja kikakataa kupasuka. Alikitia asubuhi, akakitia jioni, akakitia kesho yake. Kikabaki kizima na kizito, rangi ya chai ya rangi. Hicho ndicho alichokichonga, polepole mara hii, tuta kwa tuta. Msuka wa kisu kile kile akaubana kwa misumari ya shaba. Alipomwonyesha Gedion, kijana alikivuta kwa nguvu zake zote, akamkumbatia dada yake. Anko Munyi naye alikubali shingo upande, lakini kisu chake cha mpini wa plastiki akakitia kwenye koti hata hivyo.

Desemba, Mbeere ilikuwa inawaka. Watu wamejaa chini ya hema, mbuzi ameiva, na Mzee Rwamba ameweka kisu chake mwenyewe juu ya jani la mgomba, waziwazi, ili wageni wasipate taabu ya kuomba. Gedion akatoa cha Ruguru.

"Ngoja kwanza," Mzee Rwamba akasema. Akakichukua, akakiweka juu ya jiwe nje ya hema, juani. "Wacha kizoee kwetu kidogo. Pasta, tuombee."

Na pasta naye, Mungu ambariki, alikuwa wa yale maombi marefu. Aliombea maharusi, akaombea mvua, akaombea serikali, wagonjwa, wasafiri na mifugo. Wote wamefumba macho isipokuwa Ruguru, aliyekuwa amelikodolea macho jiwe lile. Pasta alipofika kwa mayatima, Ruguru alikuwa tayari kumziba mdomo kwa mkono wake.

Amina ikaja. Mzee Rwamba akaenda kwenye jiwe, akakishika kisu kwa mikono miwili, akauvuta mpini. Akaupinda. Akaugonga juu ya jiwe, akaweka sikio. Akavuta tena, mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Kisha akampa Gedion.

Gedion akatafuta kiungo kwa ncha, akakipata, akakandamiza. Bega likaachana na mbuzi mara moja! Akakata kipande, akamlisha Purity, na hema likalipuka. Wanawake walipiga vigelegele mpaka mbuzi waliobaki zizini wakaitikia, na Gladwell alicheza hadi kiatu kimoja kikamtoka.

Lakini Mzee Rwamba alikuwa bado. Alikichukua kisu cha Ruguru na kuendelea nacho yeye mwenyewe, mbavu, mapaja, shingo, mbuzi mzima, akiwagawia wazee. Kile chake kilikaa juu ya jani mpaka nzi wakakizoea. Alipomaliza aliinua uso.

"Huyo Kijiti ako wapi?"

Ruguru akainuka kati ya wanawake. Akavuka ile nafasi iliyo wazi mpaka kwenye meza ya nyama, ambako siku hiyo hakuwa amefika mwanamke. Mzee Rwamba akamgeuzia kisu, mpini mbele.

"Nikatie yangu," akasema. "Na wazee wasikie. Ile siku ni mimi nilicheka. Leo cheka wewe."

Ruguru akamkatia, vipande vyembamba, vilivyo sawa, mkono wake umetulia. Kisha akacheka. Alicheka mbele ya wazee wote, kisu mkononi, kwa sauti kubwa, kichwa nyuma, mpaka machozi yakamtoka, na hakuna hata mmoja aliyemwambia apunguze.