Mkono Uliokataa Kunyooka

Aliyeuona mkono wangu kwanza ni mnunuzi wa makuti. Alikuwa msimamizi wa mafundi waliokuwa wakiezeka vibanda vya wageni kule Diani, mtu wa maneno mengi na jicho kali. Kila alipofika Mwabungo tulikuwa na desturi yetu. Yeye aliyatukana makuti yangu, mimi niliitukana bei yake, kisha tukakutana mahali fulani katikati na kuulizana habari za nyumbani. Siku hiyo aliinua kuti moja, akafumba jicho kama mtu anayelenga shabaha.

"Mama, hili limekwenda upande. Na hili nalo. Yote yamekwenda upande mmoja."

"Hayo ndiyo yanayotelezesha maji vizuri," nikamwambia. "Yaliyonyooka ni ya banda la kuku."

Alicheka, akayachukua. Aliyahesabu mara moja. Mimi nikayahesabu mara mbili, maana sijawahi kuiamini hesabu ya kwanza, hata iwe yangu. Katika ile hesabu ya pili ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nikisukuma makuti kwa mkono wa kulia peke yake. Wa kushoto ulikuwa umekunjwa ubavuni, kiwiko kimebana mbavu, kiganja kimetazama juu. Ndivyo mtu anavyompakata mtoto.

Mtoto mwenyewe alikuwa ameshazikwa.

Alikuwa binti wa miezi tisa. Alizaliwa msimu ule ambao kila mtu alikuwa akisema Uhuru, Uhuru, na watoto wengi wa rika lake walipewa jina hilo hilo, hata mtu akiita uani walikuja wakitambaa wa nyumba tatu. Wangu alipewa jina la bibi yake. Siku bendera mpya ilipopandishwa tulikwenda kutazama, yeye mkononi mwangu, na alilala wakati wote wa hotuba, akatuonyesha sisi wengine njia. Kisha surua ikapita. Iliingia nyumba hii ikaruka ile, kama mtoza kodi anayejua nani yupo ndani. Kwetu iliingia.

Wanawake walimwosha, wakamvisha sanda, wakanirudishia nimpakate kidogo. Nilikaa naye kizingitini. Baba yake alikuwa amefika kutoka Ramisi, kwenye kiwanda cha sukari alikokuwa kibarua, na nguo za kazi bado mwilini, zikinuka molasi. Wanaume walikuwa wamesimama uani. Kwetu mwanamke haendi makaburini kuzika. Mwisho wake ni kizingiti. Mavyaa wangu, mama yake mume wangu, aliinama akaniambia sikioni, "Mpe baba yake." Nikampa. Wakaenda. Mkono ukabaki vile vile.

Na sikulia. Sikulia kwa sababu niliambiwa nisilie. Kila mwanamke aliyeingia alinishika mkono akaniambia machozi ya mama humlowesha mtoto kaburini, kila tone linamfikia, atalala kwenye maji. Wengine waliniambia huyo ni akiba yangu, atanishika mkono mbele ya haki. Mimi ni mtu wa biashara. Niliambiwa nisubiri nitalipwa, nikasubiri. Ila hilo la kumlowesha ndilo lililonishika, maana alikuwa hapendi maji. Kumwogesha ilikuwa vita.

Kwa hiyo mavyaa wangu alipoona makuti yamepinda na mkono haufiki hata kichwani kujifunga leso, hakusema ni huzuni. Alisema ni baridi. Baridi imeingia kwenye kiungo, na baridi dawa yake ni mafuta na mkandaji. Akatuma salamu upande wa Msambweni.

Mkandaji alikuja na basi la asubuhi. Nilimtarajia bibi kizee mwenye mikono kama mizizi, akaja mwanamke mnene wa makamo, tambuu shavuni, bangili za fedha mpaka karibu na kiwiko, akimlaani utingo kwa kumkalisha juu ya gunia la papa mkavu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaomba maji ya kunywa, akamwuliza mavyaa wangu habari za watu wote aliowajua, waliokufa na waliooa. Kisha akavua bangili moja moja, akazifunga kwenye pindo la leso, na sura yake ikabadilika. Ikawa ya mtu aliye kazini.

"Mafuta yawekwe jikoni," akasema. "Nazi tupu, na karafuu kidogo. Mlango ufungwe. Wewe lala kifudifudi."

"Kabla sijalala tupatane," nikasema.

"Bei nimeshapatana na mama yako."

"Si bei. Nataka tupatane pa kugusa. Mgongo ruhusa. Miguu ruhusa. Shingo, kama ni lazima. Mkono huu usiguse."

Akanitazama. Akalihamisha tonge la tambuu kutoka shavu moja hadi jingine.

"Nimetolewa Msambweni kwa ajili ya mkono."

"Najua."

"Unakandwa au unanunua mbuzi? Mguu huu nipe, kichwa sitaki?"

Nisingeweza kumweleza mbele ya mavyaa. Ukweli ulikuwa huu: asubuhi, kabla usingizi haujanitoka sawasawa, mkono ule ulikuwa bado na uzito wa mwanangu. Nilikuwa nikiamka naye. Kwa muda mfupi tu, mpaka jogoo awike tena, au mtu apige mlango wa jirani. Kaburi lake sikuliona, nguo zake ziligawiwa, titi lilikuwa limekauka kwa majani niliyobandikwa. Palibaki mkono. Mwanamke yule angeukunjua, nami ningeamka na nini?

"Haya," akasema. "Nyumba ni yako."

Hakusema hivyo kwa kejeli. Ndivyo alivyofanya kazi. Kila alipotaka kuhamia mahali pengine mwilini, alisimamisha mikono na kusema, "Hodi." Akangoja. Ukisema karibu, aliingia. Usiposema, hata angoje mpaka mafuta yapoe, hakugusa. Aliniambia alifundishwa hivyo na shangazi yake, kwamba mwili una wenyewe, na anayeingia bila kubisha hodi hupokewa na mlango uliobanwa.

"Hodi," kwenye kisigino.

"Karibu."

"Hodi," kwenye kiuno.

"Karibu."

Alikuwa na vidole gumba vya mtu aliyekuna nazi maisha yake yote. Aliuchua mgongo wangu kutoka chini kwenda juu, polepole, kila fundo akilizunguka kama mtu anayetafuta ncha ya uzi. Huku akisimulia. Alinisimulia habari ya mwanamume wa Ramisi aliyekata miwa mpaka bega likagoma, akakandwa, na bega lilipolegea akaanza kumtaja kwa jina mke aliyemwacha, wakati mke wa sasa amekaa pale pale akimpepea. "Tangu siku hiyo wanaume nawakanda peke yao," akasema. Nilicheka, uso umezama kwenye mkeka. Sikuwa nimecheka kwa muda mrefu, na kicheko kilitoka na kutu.

"Hodi," kwenye bega la kushoto.

Nikanyamaza. Akangoja. Kisha akafunga kazi, akavaa bangili, akala wali wake, akaondoka.

Alirudi juma lililofuata, ikawa vile vile. Mgongo karibu, miguu karibu, bega la kushoto kimya. Mavyaa wangu alianza kununa. "Mtu amelipwa kukanda mkono na mkono haukandwi," alilalama nje ya mlango, kwa sauti ya kusikika. Na kazi ilikuwa imezorota kweli. Kushona makuti kunataka mikono miwili, mmoja ukunje jani juu ya kijiti, mwingine ushone. Msimamizi wa Diani alikuwa ameshaanza kununua kwa jirani yangu, ambaye makuti yake, nisiseme uongo, yalikuwa na matundu ya kupita paka.

Mara ya tatu alipokuja hakunilaza. Aliniketisha kwenye mkeka, akaketi mbele yangu miguu amenyoosha, bakuli la mafuta katikati. Akautazama ule mkono. Hakubisha hodi.

"Alikuwa mzito?" akaniuliza.

Tangu msiba hakuna aliyeniuliza chochote juu yake. Niliambiwa mengi. Kuulizwa, sikuulizwa.

"Mzito," nikasema.

"Kama madafu mawili."

"Mawili? Madafu manne."

"Manne, mtoto wa miezi tisa? Nimeshika watoto mimi. Mawili na nusu."

"Manne. Yaliyojaa maji."

"Matatu, nakuongezea kwa sababu ya msiba."

"Usinipunguzie mtoto wangu!" nikamwambia. "Manne, na juu yake chana la ndizi. Alikuwa na mapaja yamejikunja hapa na hapa, poda ilikuwa inapotelea ndani. Nikimbeba kutoka kisimani mpaka nyumbani nilikuwa nabadilisha…" Nikataka kuonyesha nilivyokuwa nikimbadilisha mkono, na mkono haukutoka ubavuni.

"Manne," akasema mkandaji taratibu. "Nimekubali. Manne na chana la ndizi. Mzigo mkubwa huo, mwanangu. Umeubeba siku nyingi."

Nje mavyaa wangu alikuwa akifagia, nikawa nasikia njukuti za ufagio kwenye mchanga. Kisha mkandaji akachovya vidole kwenye mafuta.

"Hodi."

Nikasema karibu. Sauti haikutoka, ila midomo aliiona.

Alianzia mbali, kwenye kifua, chini ya mtulinga, akaja begani. Hakuuvuta mkono. Aliushika kwa chini, kiganja chake chini ya kiwiko changu, akaubeba yeye, ili mimi nisiubebe. Hapo ndipo uchungu ulipoanza. Alipofika kwenye kikunjo cha kiwiko, pale pale kichwa kilipokuwa kikilala, alikandamiza kwa kidole gumba na kukaa hapo. Kitu kikaachia. Mkono ukashuka mpaka pajani, ukalala mtupu, na sauti niliyoisikia ikitoka kwangu sikuijua. Ilikuwa ya mnyama, si ya mtu anayejua kuuza kitu.

Mlango ukafunguka. Mavyaa wangu alisimama na ufagio.

"Nyamaza! Nyamaza, mwanangu, unamlowesha mtoto! Nawe mwanamke, mwambie anyamaze!"

Mkandaji hakugeuka. Vidole viliendelea kushuka kwenye kigasha, kiwiko hadi kifundo.

"Mtume mwenyewe alitokwa na machozi juu ya mwanawe," akasema. "Bibi yangu, wewe umesoma chuo gani cha kumpita yeye?"

"Walituambia…"

"Walituambia sote. Kaa kitako."

Mavyaa akakaa. Akakaa pale pale kizingitini, ufagio mapajani. Mimi niliendelea kulia, nikalia mpaka leso ikawa ya kukamua, na hakuna aliyenizuia tena. Nilipopata pumzi nikamwona. Alikuwa mtu wa mgongo uliopinda, tangu nimeolewa nilimkuta hivyo, nikidhani ni kuinama mashambani. Alikuwa akitazama ukuta.

"Wangu wanne," akasema. "Wanne, kabla ya huyu mumeo. Hakuna hata jirani aliyenisikia. Walinisifu."

Mkandaji akafuta mikono, akaupigapiga mkeka kando yangu.

"Njoo basi. Mafuta bado yana moto. Kwako sitataka malipo."

Nilimwona akifikiri. Aliutazama mkeka jinsi mtu anavyotazama kitu dukani ambacho amekitaka siku nyingi. Kisha akatikisa kichwa.

"Mimi niache hivi hivi," akasema. "Wa kwake ni wa juzi. Wangu wameshakuwa mfupa. Ukiwatoa sasa, nitasimama kwa mfupa gani?"

Mkandaji hakumbembeleza. Mavyaa akashika mwimo wa mlango, akainuka, akaenda kutazama wali.

Asubuhi yake niliamka na hapakuwa na uzito. Mkono ulikuwa umenyooka kando yangu juu ya kitanda cha kamba, mwepesi kama wa mtu mwingine. Niliukunja mwenyewe, nikauweka vile ulivyokuwa ukikaa. Nikangoja. Jogoo akawika, akawika tena. Uzito haukuja. Nikaelewa kwamba hautakuja, nikaamka nikachota maji.

Mavyaa wangu alikuwa ameshaketi uani na rundo la majani ya mnazi yaliyoloweshwa. Nikaketi naye. Nikashona kuti la kwanza, likatoka limenyooka, na nililichukia kwa hilo. Tulifanya kazi mpaka jua likapanda juu ya paa la jirani. Kisha, bila kuinua kichwa, akasema, "Wa pili wangu alikuwa akicheka usingizini."

Nilikuwa nimeishi naye miaka, sikuwahi kusikia habari za wa pili. Nikajua la kufanya, maana nilikuwa nimefanyiwa mimi mwenyewe jana yake.

"Alifanana na nani, mama?"

Akasimamisha mikono. Jani lilikuwa limekunjwa nusu juu ya kijiti. Alifikiri kwa muda mrefu, uso umekunjamana kama mtu anayejaribu kusoma kitu kwa mbali, akageuka huku, akageuka kule, kana kwamba mtoto angepita uani.

"Sikumbuki," akasema. "Subhanallah. Sikumbuki sura."

Nikausogeza mkeka wangu karibu na wake. Hakulia. Alilimalizia lile jani, akaomba jingine, nikampa.